Marehemu Walioogopa Bata

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa tatu ya asubuhi, watu sitini na mmoja walihesabiwa katika ukumbi wa mtaa pale Bankoko, mjini Bunia. Thelathini na sita walikuwa wazaliwa wa kwanza wa marehemu thelathini na sita. Ishirini na mmoja walikuwa wake zao, wajomba na mashahidi waliowasindikiza. Watatu walikuwa Mzee Firmin, mwenyekiti wa kamati ya matanga; Landry, mtafiti wa chuo kikuu; na Caleb, fundi wa pikipiki. Wa sitini na mmoja alikuwa mama yake Caleb, Godelive, mjane wa miaka sitini na minane, aliyeketi benchi la mbele akiwa na haja moja tu moyoni: alitaka arudishiwe woga wa mume wake.

Ili haja hiyo ieleweke, yafaa kwanza ifahamike desturi. Mtu akifa Bunia, kabla udongo haujaanza kumwagwa, historia yake husomwa kaburini. Msomaji ni mzaliwa wa kwanza, naye huisoma kana kwamba ameitunga mwenyewe usiku wa kuamkia maziko, machozi yakidondoka juu ya karatasi. Kwa kweli wazaliwa wa kwanza walio wengi hawajui hata pa kuanzia. Wa Bankoko walianzia mlangoni kwa Godelive.

Alizaliwa katika vilima vya Mahagi, akasomeshwa na masista waliofundisha imla na insha kwa rula ya mti mgumu. Aliyesahau nukta alikosa chakula cha mchana, na Godelive alipenda kula. Aliolewa na Jérôme, mtu wa Irumu, mchanjaji wa ng'ombe, wakahamia Bunia, na hapo akawa muuza karanga za kukaanga kando ya barabara. Sifa ya kalamu yake ilivuma polepole, kama harufu ya karanga zenyewe. Hakudai malipo. Baada ya maziko aliletewa sahani ya nyama iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na aliyeileta hakusema ni ya nini, wala Godelive hakuuliza.

Alikuwa na kanuni moja aliyoipata kwa kusikiliza hotuba mbovu za watu wengine: marehemu asiye na kasoro hata moja, waombolezaji hudhani wamekosea kaburi. Kwa hiyo, baada ya kuzaliwa, kazi, watoto na ugonjwa, lazima itajwe kasoro. Lakini iwe kasoro nyepesi, isiyomdhuru mtu, isiyoamsha deni wala talaka. Kasoro ambayo mjane akiisikia atatabasamu katikati ya kilio. Kasoro za namna hiyo ni adimu kuliko mtu anavyofikiri. Watu wengi wana zile nzito tu.

Mwaka wa 2004 alifariki jirani yao Fulgence, mfanyabiashara wa maharagwe. Mwanawe Josaphat, wakati huo kijana aliyeanza kuota ndevu, alikuja na kofia mkononi.

"Mama, unisaidie. Mimi nikiandika 'papa' tu, kalamu inasimama."

"Keti. Papa yako alikuwa na kasoro gani ndogo?"

Josaphat aliinamisha kichwa. Mtaa mzima ulijua kasoro ya Fulgence: kopo lake la kupimia maharagwe lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ndani, na wateja walikuwa wakila hasara hiyo miaka kumi na mitano.

"Ndogo?" Josaphat aliuliza. "Ndogo haiko."

Godelive alitazama nje ya dirisha ili afikiri. Uani, juu ya lundo la kuni, Jérôme alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama askari anayesubiri bendera ipandishwe. Chini yake bata wa jirani alikuwa anapita taratibu, akiyumba kushoto na kulia bila haraka yoyote.

Jérôme aliogopa bata. Mtu huyu alikuwa akishika fahali wa Irumu kwa pua na kumwambia tulia. Katika miaka mibaya alipita vizuizini penye bunduki akiwa na sanduku lake la chanjo, akasalimu, akapita. Lakini bata! "Ng'ombe anakutazama," alimweleza mke wake mara moja tu, tena kwa aibu, "unajua anawaza nini. Bata anakutazama na upande."

Basi Godelive aliandika: *Hakutishika kwa lolote chini ya jua, isipokuwa bata.*

Josaphat alisoma sentensi ile kaburini kwa sauti iliyokatika vizuri. Wajane wawili walitabasamu. Hakuna aliyepinga, kwa maana kilichosomwa kaburini hakipingwi. Na kwa kuwa hakikupingwa, kikawa kweli. Mwezi uliofuata alikufa fundi wa saa, ambaye kasoro zake nazo zilikuwa nzito. Akaogopa bata. Akafuata mwalimu wa hesabu, akafuata dereva wa lori la Mahagi. Miaka ile Bunia ilizika zaidi kuliko ilivyobatiza, na karanga za Godelive zilipoa kwenye karai huku akiandika. Wenye kasoro nyepesi aliwaandikia kasoro zao. Wasio nazo aliwapa bata.

Jérôme mwenyewe alifariki Juni 2024, kwa homa. Godelive aliandika historia yake kwa siku nzima, na alipofika mahali pa kasoro aliandika ukweli. Caleb alisoma. Aliposema "isipokuwa bata," watu walianza kukohoa. Nyuma kabisa sauti moja ikanong'ona, "Hata huyu tena!" na mtu mwingine akacheka ndani ya kitambaa.

Jioni Kaswera, rafiki wa Godelive, muuza kuku na bata sokoni, alimwambia pasipo kupamba. Kaswera hakuwahi kupamba kitu.

"Dada, watu wanasema umechoka. Wanasema bwana yako mwenyewe umemuandikia maneno ya kuazima."

Godelive aliendelea kukunja karatasi ya historia. Alikuwa amemwazima mume wake kwa watu thelathini na sita, na siku yeye alipomhitaji, alionekana yeye ndiye aliyeazima kwao.

Hapo ndipo Landry alipoingia. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeanzisha katika chuo kikuu hifadhi ya hotuba za maziko. Alipita nyumba kwa nyumba, akapiga picha kila karatasi, akaziweka ndani ya kompyuta. Njia yake ya kufuatilia utunzi ilikuwa safi, haina doa: mwandishi ni yule aliyesoma, karatasi ya tarehe ya zamani kuliko zote ni chanzo, na zilizobaki ni nakala. Alipokuta bata mara thelathini na saba, hakulala. Aliandika makala ndefu kuonyesha kwamba woga wa bata ulikuwa maradhi ya urithi yaliyoshuka kutoka Djugu pamoja na wafanyabiashara wa maharagwe, na kwamba mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa ni Fulgence. Redio ilimhoji. Karatasi ya Jérôme ilipewa jina "Nakala ya 36."

Familia zilifurahi kupita kiasi. Ziliunda Chama cha Jamaa za Waogopa Bata, zikashona sare ya kitenge chenye picha ya bata aliyekatazwa kwa msalaba mwekundu. Josaphat, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye tumbo na simu tatu, alibandika kigae juu ya kaburi la baba yake: *Wa Kwanza Kuogopa.*

Ukafika wakati wa kuvua kilio cha Jérôme. Siku hiyo historia husomwa mara ya mwisho; baada ya hapo wafiwa huvua nguo nyeusi, karatasi hufungwa, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuongeza neno wala kuondoa. Sherehe ilipangwa Jumapili, tarehe 15. Mzee Firmin, ambaye kamati yake hukagua kila karatasi, alimwita Godelive akamrudishia yake, kidole chake kikiwa juu ya sentensi.

"Mama, hii maneno iko na wenyewe. Bwana yako tumutafutie ingine."

"Bwana yangu njo mwenyewe wa hiyo maneno."

"Machine ya Landry inakataa."

"Basi muite Landry na machine yake, na muite hao wenyewe wote."

Ndiyo maana walikusanyika Jumamosi ile.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Landry aliigeuza kompyuta yake ndogo kuelekea watu sitini, nao wakainama wote kwa pamoja kama shamba la mtama lililopigwa na upepo, pasipo mtu kuona kitu.

"Mama Godelive, kwa heshima yote," alianza Landry. "Tuko na karatasi thelathini na saba. Ya Papa Jérôme ni ya mwisho kwa tarehe. Ya mwisho haiwezi kuzaa ya kwanza."

"Landry, mutoto yangu, zote nimezizaa mimi."

"Jina yako haiko mu hifadhi hata mara moja."

"Na jina ya mpishi iko mu sahani ya sombe?"

Benchi za nyuma zilicheka. Mzee Firmin aligonga meza.

"Tunaweza kupata rasimu?" Landry aliuliza. "Karatasi ya kwanza-kwanza, yenye kufutwa-futwa?"

"Nilifungia karanga."

"Hizo karanga ziko wapi?"

"Ziliuzwa, zikaliwa. Nafikiri na weye ulikula, ulikuwa mutoto wa Bankoko."

Landry aliandika, akisoma kwa sauti anachoandika, maana alikuwa mwaminifu: "Chanzo kinachodaiwa kililiwa. Mtafiti huenda alishiriki." Kisha akainua uso. "Mama, hata tukikubali. Juu ya nini mutu mumoja awape watu thelathini na sita woga moja ileile? Mwandishi ana akili, anabadilisha. Anaweza kuweka mbuzi. Anaweza kuweka radi."

Swali hilo Godelive alikuwa analiogopa kuliko yote, kwa kuwa jibu lake hakuwahi kulitoa nje ya nyumba yake. Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua.

"Siku ya kuzika Fulgence," alisema, "Jérôme alikuwa mu watu. Alisikia. Tukirudi nyumbani hakusema kitu mpaka tumekula. Halafu akaniambia, 'Kumbe hata Fulgence.' Njo vile tu. Aliisema kama mutu aliyetua muzigo. Maisha yake yote alikuwa anajua ni yeye mumoja chini ya mbingu. Kisha fundi wa saa. Akasema, 'Godelive, unaona?' Kisha mwalimu. Kila maziko alikuwa anarudi mugongo umenyooka. Miaka ya mwisho alikuwa anasema, 'Siye tuko wengi. Watu wanaficha tu.' Sasa ningeweka mbuzi, juu ya kumufariji nani?"

Wenye sare waliacha kujipepea. Hata Mzee Firmin, ambaye alikuwa na tabia ya kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa, aliziacha.

Aliyefuata kusema ni Josaphat. Alisimama, bata wa kitenge chake akiwa ametanuka juu ya tumbo.

"Mama, nakuheshimu. Lakini unataka kusema papa yangu hakukuwa na woga yake mwenyewe?"

"Papa yako alikuwa na mambo mengine."

"Mambo gani?"

Watu sitini walitazama dari. Wenye umri wa kukumbuka bei ya maharagwe waliitazama kwa makini zaidi.

"Tuache maneno," Josaphat alisema kwa haraka. "Damu haisemi uongo. Woga inatoka ku baba, inaenda ku mutoto. Mulete bata. Mutoto asiyeogopa, papa yake arudishe sentensi. Yule mwenye kuogopa kupita wote, papa yake njo mwenyewe."

Ingetarajiwa kwamba mtafiti angekataa. Lakini Landry alifikiri kidogo, akasema kwamba katika taaluma yake jambo hilo linaitwa ushahidi wa nje, kwamba ni dhaifu lakini halikatazwi, akachora jedwali lenye safu tatu: haogopi, anaogopa, anaogopa mno.

Kaswera aliitwa kutoka sokoni. Alikuja na bata mkubwa mweupe mwenye uso mwekundu wa vinundu, akamweka katikati ya sakafu na kuusimamia mlango.

"Munirudishie muzima," alisema. "Na musimupigie makelele, yeye pia ana moyo."

Godelive alimnong'oneza mwanawe sikioni: "Caleb, ukifika pale, ruka. Ruka kabisa. Lia kama unaweza." Caleb aliitikia kwa kichwa.

Wakaanza. Mwana wa fundi wa saa alipiga hatua moja, akashika kifua, akasema anaona giza. Lakini kabla ya kuanguka alichagua kiti chenye mto. Mwana wa mwalimu wa hesabu alitetemeka kwa mpangilio, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mwana wa dereva wa lori alikimbia hadi nje, na ilibidi afuatwe kwenye duka la soda. Wengine, ni haki kusema, hawakuigiza. Walikuwa wamelelewa ndani ya woga ule tangu siku ya maziko, mama zao waliwakataza kukaribia bata kwa heshima ya baba, na sasa jasho lao lilikuwa jasho la kweli. Bata mwenyewe alijikuna. Josaphat alipofikiwa na zamu, alitoa mlio ambao haukutazamiwa kutoka kwa mtu mwenye mwili ule, akapanda juu ya benchi, na benchi likalalamika.

"Anaogopa mno," Landry aliandika.

"Shuka, utaanguka," mke wake alimwambia.

"Siwezi kushuka! Muandike siwezi kushuka!"

Ikafika zamu ya Caleb. Godelive alifunga macho, akasubiri kusikia mwanawe akiruka.

Hakusikia kitu. Alipoyafumbua, Caleb alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili za upande, mguu wa kushoto umetangulia, kiganja kimeinama. Bata alijaribu kukwepa kulia. Mkono ulikuwa kulia tayari. Alimshika penye mashina ya mabawa, akambana kwapani kichwa kikiangalia nyuma, akakiziba kwa kiganja kichwa kile ili jicho lisimwone mtu. Yote yalifanyika kwa muda wa kupiga chafya. Kisha, akiwa ameelekea mlangoni ambapo hapakuwa na mtu ila Kaswera, alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayefanya kazi yake:

"Papa, pita."

Halafu akasimama hapo hapo, bata kwapani, masikio yakimwiva kwa aibu.

Landry alikuwa wa kwanza kusema. "Caleb: haogopi. Kwa hiyo Nakala ya 36 inaondolewa ku mashindano."

"Landry," Mzee Firmin alisema, "funika hiyo machine."

"Lakini jedwali, Prezida..."

"Funika." Mzee alimgeukia Caleb. "Ulikuwa unamuambia nani apite?"

"Nisamehe, muzee. Ni mazoea. Tangu niko mudogo. Nikitoka masomo, kazi yangu ilikuwa kutangulia mbele ya papa mpaka ku barabara kubwa. Kama bata iko, namukamata, naziba macho yake, naita. Hakukuwa anapita mpaka niite." Alimtazama mama yake. "Mama aliniambia niruke. Mikono ilikataa."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Godelive alijikuta amesimama, naye hakukumbuka kuinuka.

Juu ya benchi, Josaphat alikuwa ameacha kutetemeka. Alikuwa anamtazama Caleb kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo.

"Papa yetu," alisema polepole, "alikuwa anakula bata. Kila Noeli. Alikuwa anaichinja mwenyewe, na kuimba." Alijishika kichwa. "Miaka ishirini na moja sijakumbuka ile kitu. Nilisoma ile karatasi ku kaburi, na tangu siku ile kila nikimuona papa mu akili, anakimbia bata."

"Basi shuka," mke wake alisema.

Alishuka. Na aliposhuka, wengine nao walianza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa hesabu alifuga bata saba. Dereva wa lori alimgonga bata mmoja kwa gari karibu na Djugu, akarudi nyuma kumwokota ampike. Mzee Firmin alitangaza kwamba sentensi imerudi kwa mwenyewe, na kwamba kesho itasomwa kama ilivyo, neno kwa neno.

Godelive angeweza kwenda nyumbani hapo. Lakini Josaphat alikuja mbele yake, na yule mtu wa simu tatu alikuwa ameshika kofia mkononi kama siku ile ya mwaka wa 2004.

"Mama, tumerudisha. Sasa papa atabaki na nini? Siwezi kumuacha bila kasoro. Watu watakumbuka..." Hakulitaja kopo. "Unipatie ingine. Ndogo."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kupangwa, kwa utaratibu, wakubwa kwanza.

Godelive alitafuta moyoni kasoro nyepesi. Hakujua zaidi ya za mtu mmoja, kwa kuwa hakuwahi kuishi na mwingine. Alisita, akachukua ya kwanza.

"Papa yako," alisema, "alikuwa anaitikia radio. Radio ikisema 'hamujambo wasikilizaji,' yeye anajibu 'hatujambo,' na anasubiri."

Uso wa Josaphat ulitulia. "Kweli," alisema. "Papa alikuwa na radio."

Fundi wa saa alipewa kulala na kofia. Mwalimu wa hesabu alipewa kutia chumvi ndani ya chai na kukana. Dereva wa lori alipewa kufunga vifungo vya shati kuanzia chini. Mwingine alipata kuzungumza na viatu vyake wakati wa kuvipaka dawa, na mwingine kuhesabu ng'ombe wa watu wengine njiani na kukasirika akikuta mmoja amepungua. Kila aliyepokea alishukuru, akaenda zake. Landry, ambaye aliruhusiwa kufunua kompyuta, alifungua jalada jipya na kuandika kwa shauku. Katika mahali pa mwandishi aliweka, kama kawaida, jina la mzaliwa wa kwanza.

"Na ya Papa Jérôme?" aliuliza, kidogo kwa haya. "Mwandishi niweke nani, Mama? Naweza kuweka weye. Itakuwa mara ya kwanza."

"Weka Caleb," Godelive alisema. "Yeye njo atasoma."

Jua lilikuwa limepita utosi. Godelive alikuwa ametoa thelathini na tano, na kila moja ilipotoka mlangoni aliona chumba kimoja cha nyumba yake kikihamishwa vyombo. Jérôme hakuwa tena na kofia usingizini wala chumvi chaini. Alikuwa na bata tu. Na bata walikuwa wake peke yake. *Siye tuko wengi.* Ameshinda, naye amemrudisha mume wake pale pale alipokuwa kabla ya Fulgence kufa: mtu mmoja juu ya lundo la kuni.

Wa mwisho katika foleni alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Sylvie, muuza samaki wakavu. Baba yake alikuwa mvuvi wa ziwani upande wa Mahagi, mtu mnyamavu aliyekuja kufia Bunia mwaka wa 2011. Zamu yake ya kupimwa haikuwa imefika kabla ya Mzee Firmin kusimamisha jedwali.

"Na wewe binti yangu," Godelive alisema kwa uchovu, "sijui kama imebaki. Labda kukunja gazeti kabla ya kusoma."

"Hapana, Mama. Mimi sirudishi."

"Hurudishi?"

"Nimekuja kuuliza kitu moja. Nimengoja miaka kumi na minne. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Baba. Siye hatukumuambia mutu. Aliogopa bata mpaka kufa."

Godelive alimtazama usoni, akitafuta kama kuna uigizaji.

"Usinitanie, binti yangu. Nimekuwa mzee."

Bata, ambaye Caleb alikuwa amekwisha kumwachilia, alikuwa amejilaza chini ya benchi, akisinzia. Mwanamke yule aliweka kapu lake chini, akapiga hatua mbili za upande, kiganja kimeinama. Akamshika penye mashina ya mabawa, akambana kwapani kichwa kikiangalia nyuma, na kiganja chake kikaziba jicho.

"Mimi nilikuwa naimba," alisema. "Kuita 'pita' alikuwa anaona haya. Nikiimba, anajua njia iko wazi."

Caleb aliinuka alipokuwa ameketi, akaja kutazama kwa karibu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. "Kidole gumba unaweka wapi?" aliuliza. Sylvie akamwonyesha.

Godelive aliketi. Alicheka, kisha akajipangusa macho kwa kitenge, kisha akacheka tena, hata Kaswera akaja kumshika bega.

"Jérôme," alisema, pasipo kumwangalia mtu yeyote, "yule muvuvi. Unamukumbuka? Ulisimama karibu na sanduku lake siku ya kumuzika."

Landry alifuta alichokuwa ameandika, akauliza kwa sauti ndogo kama, kati ya karatasi ya Jérôme na ya mvuvi, aweke moja chanzo na nyingine nakala. Aliambiwa aziweke bega kwa bega.

Ukumbini walibaki watu watano: Godelive, Caleb, Sylvie, Landry na Kaswera, aliyekuwa anasubiri bata wake. Katika hifadhi, kati ya marehemu thelathini na saba walioogopa bata, walibaki wawili.